Siku Tatu za Amani Roma, na Ugomvi Niliouacha Nyumbani

Ngoja nianze na ukweli wenyewe. Oktoba 2022 sikupanda ndege kwenda Roma kwa sababu naipenda sana amani ya dunia. Nilipanda kwa sababu nilitaka kukimbia nyumbani.

Mezani kwangu ofisini palikuwa na mwaliko wa mkutano wa kimataifa wa dini kwa ajili ya amani, siku tatu, kuanzia Jumapili tarehe 23 hadi Jumanne tarehe 25. Mialiko ya namna hii huwa nawagawia waandishi vijana. Sisi hapa tunaandika mapenzi, ndoa, mavazi na jinsi ya kuumaliza mwezi bila kukopa. Maaskofu na masheikh tunawaachia magazeti ya kila siku. Lakini mwezi ule nilikuwa na kesi yangu binafsi.

Kesi yenyewe ni hii. Mimi ni binti wa Kilutheri kutoka Machame, baba yangu ni mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu Jumapili hakuna anayenyweshwa uji kabla hajajua somo la siku hiyo linatoka wapi. Mchumba wangu ni Mwislamu wa Tanga, aliyelelewa na madrasa haswa. Hata tukiwa kwenye foleni ya Ubungo, ikifika magharibi anatafuta pa kuegesha gari aswali. Tulikuwa pamoja miaka minne. Agosti mwaka ule akatuma mshenga kwetu, na kuanzia siku hiyo usingizi ukanipaa.

Baba alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamsindikiza hadi getini. Aliporudi aliniambia sentensi moja tu: "Mama, wajukuu wangu watabatizwa wapi?" Halafu akaacha kunisemesha. Si kununa kwa wiki moja, bwana. Miezi miwili! Nikipiga simu anampa mama.

Upande wa pili nako hakukuwa kwepesi. Mama mkwe mtarajiwa ni mpole, sauti yake haijawahi kupanda mbele yangu, lakini msimamo wake ni chuma. "Mwanangu, kusilimu ni maneno machache tu, hata chai haipoi." Sheikh wa mtaani kwao alimweleza kwamba dini inamruhusu mwanamume wa Kiislamu kumwoa mwanamke wa Kitabu, yaani Mkristo au Myahudi, bila kumsilimisha. Mama akajibu kwamba hilo analijua, ila sheikh si yeye atakayeishi na midomo ya majirani wa Ngamiani.

Njia iliyobaki ilikuwa bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu watu wa dini tofauti kufunga ndoa ya kiserikali. Mnatoa taarifa, inatangazwa kwa siku 21, na mwenye pingamizi anakuja kusema lake. Siku 21! Nilianza kuhesabu watu wa kuweka pingamizi kwa vidole, vidole vikaisha. Kwa hiyo nilipoona kwenye karatasi moja maneno "dini", "amani" na "Roma", nikasema hawa ndiyo watu wangu. Ama wana jibu, ama angalau nitapumzika.

Nikapeleka makaratasi ya viza, nusura niwape na cheti cha kipaimara, na Ijumaa usiku nikawa angani kupitia Addis Ababa.

KILA MTU NA MLANGO WAKE

Kabla sijakupeleka ukumbini, lazima ujue mkutano huu ulianzaje, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na ndani ya historia yake ndimo nilimokutana na baba yangu.

Tarehe 27 Oktoba 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaita viongozi wa dini za dunia katika Assisi, mji mdogo wa Italia alikozaliwa Mtakatifu Fransisko. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Amani, huku Marekani na Umoja wa Kisovyeti wakitazamana kwa makombora ya nyuklia. Wakaja Dalai Lama, Askofu Mkuu wa Canterbury Robert Runcie, Waislamu, Wayahudi, Wahindu, Singasinga, Wabudha, wazee wa dini za jadi za Afrika, wenyeji asilia wa Marekani na kiko chao cha amani. Papa aliomba vita vyote duniani visimame kwa siku hiyo moja, na makundi kadhaa ya wapiganaji yalimsikiliza. Washiriki walifunga kula mpaka jioni.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Hawakusali pamoja.

Walipokelewa pamoja, kisha wakatawanyika mjini, kila dini mahali pake, mlango wake, maneno yake. Baadaye wakakutana tena kwenye uwanja wa basilika, wakaomba kwa zamu, mmoja akiomba wengine wamenyamaza. Papa alilieleza wazi: tumekuja kuwa pamoja ili kusali, hatukuja kusali sala moja. Hakuna aliyeambiwa apunguze imani yake ili mwenzake apate nafasi ya kukaa.

Na bado watu walikasirika. Askofu Mkuu Mfaransa, Marcel Lefebvre, aliona ni kashfa kubwa kwa Kanisa. Mwaka 1988 alipowaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa, Assisi ilikuwa mojawapo ya sababu alizozitaja. Hata Benedikto wa Kumi na Sita, aliporudia siku ile mwaka 2011 na kuwaalika pia wasioamini Mungu, aliepuka kabisa sala ya hadharani ya pamoja. Hofu yao ina jina moja tu: kuchanganya. Nilipoyasoma hayo kwenye ndege niliisikia sauti ya baba kabisa, na kikohozi chake.

Baada ya 1986 mambo yangeweza kuishia kwenye picha za ukumbusho. Waliokataa yaishe ni Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, walei wa Kikatoliki wa Roma walioanzishwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa sekondari, Andrea Riccardi, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa historia. Tangu 1987 wanaandaa mkutano wa namna ile kila mwaka, mji hadi mji. Huo wa 2022 ulipewa jina la Kilio cha Amani.

NDANI YA WINGU

Ukumbi unaitwa La Nuvola, maana yake wingu, na si jina la mbwembwe tu. Msanifu Massimiliano Fuksas amejenga sanduku kubwa la kioo na chuma, na ndani yake limening'inia pande jeupe kama wingu lililopotea njia. Ulifunguliwa mwaka 2016 katika eneo la EUR, kusini mwa Roma, vituo kadhaa kwa metro kutoka katikati ya jiji. Unaingia mle unajiona kama umealikwa kwenye harusi ya malaika.

Na mavazi! Jamani, mimi kazi yangu ni kuangalia mavazi, naomba mnisamehe. Makasisi wa Kiorthodoksi na kofia zao ndefu nyeusi, watawa wa Kibudha wa rangi ya zafarani, vilemba vya Singasinga vilivyokunjwa sawasawa utadhani vimepimwa kwa rula, kanzu, majoho, mikanda myekundu ya makardinali. Mimi na suti yangu ya Kariakoo nilijiona mwenye dhambi peke yangu.

Jumapili mchana ufunguzi ulifanywa na marais wawili, Sergio Mattarella wa Italia na Emmanuel Macron wa Ufaransa. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine tarehe 24 Februari, kwa hiyo vita ilikuwa na miezi minane, na kila mzungumzaji aliigusa. Hotuba zilikuwa nzuri. Zilikuwa pia ndefu. Nikiwa nimevaa visikilizio vya wakalimani masikioni, nilijikuta nahesabu wanawake waliopanda jukwaani, na hesabu haikunichosha. Hilo nalo niliandike: dini zote zilizokuwamo mle zilitofautiana kwa mengi, lakini kwa suala la nani anashika kipaza sauti zilielewana bila mkalimani.

Nilipotoka nje kupata hewa mchumba wangu alikuwa ametuma ujumbe: "Umeshawapatanisha?" Nikamjibu, "Bado wanasalimiana."

MAMA WA MOCÍMBOA

Jumatatu ilikuwa siku ya vikao vidogo vidogo, watu wanazungumza kuhusu wakimbizi, silaha, mazingira, wazee. Vingine vizuri, vingine vya kusinzia. Mchana nikiwa kwenye foleni ya chakula naongea na simu, nikimlalamikia mama kwamba baba bado hataki kunisemesha, mama mmoja aliyevaa kitambulisho cha wahudumu wa kujitolea alinigusa bega. "Dada, usilie, chakula kipo."

Kiswahili! Na lafudhi yake tamu ya pwani, ila si ya kwetu. Ni mwenyeji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kwa watu wa Kimwani. Alikuwa Roma zaidi ya miaka 20, akifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Wakati wa vita ya Frelimo na Renamo, wazazi wake walivuka Ruvuma wakaishi Mtwara, na huko ndiko alikokua. Tulikaa wote, na kikao changu cha alasiri kuhusu utandawazi nikakisamehe.

Yeye ndiye aliyenifanya niiheshimu ile Jumuiya. Maana mimi, kwa kweli, nilikuwa nimeanza kuwaona kama watu wa kuwasha mishumaa. "Njoo jioni Trastevere," akasema, "nikuonyeshe ilikosainiwa nyumba yangu."

Trastevere ni mtaa wa zamani ng'ambo ya mto Tiber, vichochoro vya mawe, nguo zimeanikwa madirishani, harufu ya vitunguu saumu. Katika kijiwanja kidogo pana jengo lililokuwa nyumba ya watawa wa Kikarmeli, sasa makao ya Jumuiya. Humo, kuanzia Julai 1990, walikaa serikali ya Msumbiji na Renamo, watu waliokuwa wakiuana tangu 1977. Wapatanishi walikuwa wanne: Riccardi, padri wa mtaa ule ule, Matteo Zuppi, Askofu Mkuu wa Beira, Jaime Gonçalves, na mwanasiasa wa Italia, Mario Raffaelli. Hawakuwa na jeshi, hawakuwa na fedha za kumhonga mtu. Walikuwa na chumba na muda. Mazungumzo yalichukua miezi 27. Tarehe 4 Oktoba 1992, Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walitia saini, na vita iliyokadiriwa kuua watu wapatao milioni moja ikakoma.

"Nilikuwa Mtwara, nina miaka kumi na miwili," mwenyeji wangu alinieleza tukiwa tumesimama nje ya jengo lile. "Baba alisikia redioni. Hakucheka, hakulia. Akaanza kukunja mikeka."

Nilitaka hadithi iishie hapo, kwa sababu ni nzuri. Yeye hakuiachia. Renamo walirudi msituni mwaka 2013, wakasaini tena Agosti 2019. Na Mocímboa yake, Oktoba 2017, ilivamiwa na vijana wenye silaha waliojiita wapiganaji wa Uislamu, mwanzo wa vita ya Cabo Delgado ambayo mwaka 2020 ilivuka mpaka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kaka yake alikimbilia Pemba, ile ya Msumbiji, akiwa na watoto sita na sufuria moja. "Wanasema wanapigania dini yangu," alisema. "Msikiti nilimosomea wameuchoma nani? Padri?"

Mume wake ni Mmakonde wa Mueda, Mkatoliki. Ndiyo, msomaji, niliposikia hivyo nilimshika mkono kama mtu aliyeokota almasi. Nikammwagia kesi yangu yote pale barabarani. Nikamwambia na hoja niliyokuwa nikimpa baba kila siku kabla hajaacha kunisemesha: baba, Mungu ni mmoja, dini zote ni zile zile, tofauti ni majina tu.

Akaniangalia sana. "Ulimwambia hivyo mzee wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Haki yake kununa. Umemwambia miaka sitini amekuwa akisali majina tu."

Nikakosa la kusema. Akaendelea, akahesabu watoto wake: wa kwanza alibatizwa na bibi yake kwa siri, ikazuka vita ya mwaka mzima, wa pili anaswali swala tano, wa tatu dini yake ni timu ya Roma. Yeye na mumewe waligombana kuhusu kila mmoja wao. Ramadhani mume anamwamshia daku, Krismasi mke anapika. "Usiniite mfano," alisema. "Kuna miaka nilitaka kurudi kwetu. Lakini sijawahi kumwambia kwamba sala yake ni sawa na yangu. Si sawa. Ningekuwa naona ni sawa ningesali yake, mbona iko karibu?" Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Baba yako, ulimuuliza anaogopa nini? Au ulimwambia tu asiogope?"

Saa mbili na nusu usiku, kama ilivyo desturi yao, wanajumuiya walikusanyika kusali katika basilika ya Santa Maria. Yeye hakuingia. Alikaa nje kwenye ngazi za chemchemi akinishikia mkoba, akaniambia niende tu, atanisubiri.

COLOSSEUM

Jumanne ndiyo siku niliyoielewa Assisi kwa macho. Alasiri kila dini ilikwenda kusali kwake. Wakristo wa madhehebu mbalimbali walisali ndani ya Colosseum pamoja na Papa Fransisko. Wengine walisali mahali pao. Sisi wa nje tulikaa kwenye viti mbele ya skrini kubwa, jua la Oktoba likituchoma migongo, tukiitazama sala ikiendelea ndani ya uwanja ambao Warumi wa kale walikuwa wakilipa mchana wao kuona watu wakifa.

Halafu wakaanza kuja. Milango tofauti, njia tofauti, wakapanda jukwaa moja. Hakukuwa na kwaya ya kuwachanganya wala mtu wa kutangaza kwamba sasa tumekuwa kitu kimoja. Walikuja wakiwa wametoka kusali, kila mmoja uso wake bado una sala yake, wakaketi kwa mstari. Mimi niliyezoea kuangalia nguo, safari hii niliangalia viti. Vilikuwa vya aina moja.

Papa alizungumza akiwa ameketi. Goti lilikuwa likimsumbua mwaka ule. Alikumbusha kwamba siku hiyo hiyo, tarehe 25 Oktoba 1962, dunia ikiwa ukingoni mwa vita ya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Cuba, Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alitumia redio kuwasihi wakubwa wazungumze. Miaka 60 kamili. Wakasoma tamko la amani, tukanyamaza kimya kuwakumbuka waliouawa vitani, watoto wakapewa nakala za tamko wazipeleke kwa mabalozi.

Je, ilisaidia? Nitakuwa mwongo nikisema ndiyo. Ukraine hakuna bunduki iliyonyamaza kwa sababu ya mishumaa ile. Zuppi, yule padri wa Trastevere ambaye sasa ni kardinali, mwaka 2023 alitumwa na Papa Kyiv na Moscow, na vita haikukoma. Fransisko mwenyewe alifariki tarehe 21 Aprili 2025 akiwa bado anaiombea. Ukiipima mikutano hii kwa vita ilivyovizima, Msumbiji itabaki kuwa mfano unaotajwa kila mara, na si bure unatajwa kila mara.

Lakini pale kwenye kiti nilikuwa nawaza vitu vidogo zaidi. Sisi Watanzania tunapenda kujisifu kwamba ni kisiwa cha amani, na mara nyingi ni kweli, lakini Oktoba 2012 pale Mbagala ugomvi wa watoto wawili kuhusu msahafu uliishia makanisa kuchomwa. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja ulimwua mchungaji. Watoto na nyama. Mambo ambayo yanaanzia jikoni na uani, si jukwaani. Nani wa kumwita Papa kwa ajili ya kuku?

KIHAMBA

Krismasi ya 2022 nilikwenda Machame. Baba alikuwa kwenye kihamba akikata majani ya migomba. Nilivaa gamboti nikamfuata, nikashika mzigo mmoja. Hakunifukuza, na kwa baba hiyo ni hotuba.

Nikamuuliza anaogopa nini. Nilijua atasema ubatizo, na jibu nilikuwa nalo mfukoni. Hakusema ubatizo. Alisimama akanionyesha kwa panga kule chini, yalipo makaburi ya babu na bibi katikati ya migomba. "Nikilazwa pale," alisema, "watoto wako watasimama wanaimba nini? Au watakaa kimya kama wageni?"

Msomaji, miezi yote ile nilidhani tunabishana kuhusu theolojia.

Sikumwambia Mungu ni mmoja. Nilimwambia kwamba sijui watoto watakuwa dini gani, kwamba mimi na mchumba wangu tumelizungumza na hatujamaliza, kwamba nitabaki Mlutheri na yeye Mwislamu. Na kwamba nyimbo za kwetu watazijua, kwa sababu mimi ndiye nitakayewalaza usiku. Kwamba hilo mwenzangu amelikubali, ila anataka nao wamsikie akisoma Kurani alfajiri. Baba akarudi kukata majani. Baadaye sana, tukiwa tunapanda kwenda nyumbani, aliuliza, "Huyo kijana anakunywa mbege?" Nikasema hapana, hagusi. Akatikisa kichwa, sijui kwa masikitiko au kwa heshima.

Tukabandika tangazo bomani. Siku 21 zikapita. Hakuna aliyeweka pingamizi, ingawa kila asubuhi nilimtuma rafiki yangu akachungulie.

Siku ya ndoa, Februari 2023, baba hakuja. Alikuwa ameshaniambia kwamba mbele ya mkuu yeyote ambaye hajavaa kola ya uchungaji hatasimama kumtoa binti yake, na sikumlazimisha. Mama alikuja na shangazi. Mama mkwe alikuja, kajifunika khanga ya doti mpya, akanishika mikono bila kutaja kusilimu, ingawa najua alikuwa nayo mdomoni. Tukasaini. Tukaenda kwa shangazi Kimara kula.

Saa nane na nusu, pilau limeshapakuliwa, taksi ikasimama nje. Baba akashuka na begi lake la basi na suti ya kanisani iliyokunjika kwa safari ya usiku kucha. Hakuna aliyemtarajia. Nyumba nzima ikanyamaza. Alisalimia mmoja mmoja, alipofika kwa mama mkwe akavua kofia. Halafu akatazama lile sinia.

"Nani amechinja?"

Nilisikia damu ikisimama. Mjomba wa mume wangu akainuka polepole. "Mimi, mzee. Mbuzi wawili."

"Vizuri," alisema baba. "Kwetu pia siku zote tulimwita Mwislamu achinje, ili kila anayepita ale." Akaomba ruhusa aombee chakula. Aliomba kwa Kimachame, muda mrefu, macho yamefumbwa. Upande wa pili mama mkwe alikuwa amefungua viganja vyake mapajani, midomo inacheza na ya kwake. Walimaliza kwa nyakati tofauti. Baba alikuwa mrefu zaidi, pilau likaanza kupoa, na mama mkwe ndiye aliyewazuia vijana wasianze kula.

Sasa tuna mtoto wa kike. Hajabatizwa. Akika alifanyiwa, na baba alituma ndizi. Ubishi haujaisha, na wiki ya sikukuu yoyote huwa tunalala na mume wangu tukitazama kuta tofauti. Yule mama wa Mocímboa tunaandikiana, na kila mara ananiuliza kama nimeshataka kurudi kwetu. Nimewahi. Mara mbili.

Jumapili iliyopita baada ya ibada baba alipiga simu. Siku hizi hampi mama. Aliuliza mtoto ameanza kuimba. Nikamwambia ameanza, tena kwa sauti, ila mpaka sasa wimbo anaoujua ni ule wa tangazo la sabuni.

"Mwimbishe kwenye simu," akasema. Akasikiliza wote.